Asubuhi Mlango Umefungwa

Kwetu Ihanda mwanamke hasalimii mkubwa akiwa amekaa. Unaacha ulichoshika, unapiga magoti, unasema shikamoo, kisha unauliza habari za nyumbani, za ng'ombe na za migomba. Ni heshima nzuri na sijawahi kuichoka. Lakini mimi ni fundi cherehani, na kibanda changu kiko kwenye njia ya kwenda gulioni. Kwa asubuhi moja tu nilikuwa napiga magoti mara nyingi kuliko padre kwenye misa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikuwa siponi. Magauni mawili ya sendofu, ya kumuaga bibi harusi, yalichelewa mikononi mwangu, wenyewe wakachukua vitambaa vyao wakavipeleka kwa mafundi wa mjini Kayanga.

Kwa hiyo kwaya ya usharika iliponipa kazi ya sare za sikukuu ya mavuno, nilijua nikiiharibu na hii, hakuna atakayeniletea hata suruali ya kutia kiraka. Nikatangaza kwa majirani: asubuhi mlango umefungwa, mchana karibuni wote, punje za kahawa za kutafuna zipo. Maneno yakaanza. Eti nina maringo, nimekataa salamu, kumbe mume wangu alioa mzungu. Niliumia, lakini komeo sikulitoa.

Asubuhi moja, nikiwa katikati ya kushona kola, nikasikia mtu anabisha hodi. Alikuwa mama mkwe, ameshuka kwenye bodaboda kutoka Ihembe. Nikafungua mbio, nikapiga magoti pale pale mlangoni, tepu ikining'inia shingoni. Akaitikia marahaba. Nilipoanza kuuliza habari za nyumbani, akanikatiza.

"Nyumbani wazima. Inuka ukashone, mwanangu. Hizo nyingine utaniuliza mchana."

Akauvuta mlango mwenyewe, akakaa kwenye benchi la nje. Kila aliyepita alisalimiwa na yeye, na aliyetaka kunilalamikia aliambiwa, "Mkwe wangu yuko kazini." Mimi nilishona huku nacheka peke yangu.

Jumapili ya mavuno kwaya iliingia kanisani na sare zangu, kola zimesimama, marinda yameanguka sawa. Moyo ulinijaa hadi nikatamani kupanda juu ya benchi niseme ni mimi. Jirani mmoja, katika wale walionisema sana, aligeuka akamnong'oneza mama mkwe, aliyekaa kando yangu, akitaka kujua ni fundi gani wa Kayanga aliyeshona vile.

"Si wa Kayanga," mama mkwe akajibu, wala hakunong'ona. "Ni huyu wangu. Ila usimwendee asubuhi."