Chumvi Haimwashi Tena Mwanakombo

Umemwona, ndugu msomaji. Usiseme hukumwona. Hupita njia ya Chuno na pakacha kichwani, anachechemea, nawe huuliza bei ya chumvi huku macho yako yakiikwepa miguu yake. Unachukua kibaba chako, unakwenda zako. Leo keti, uitazame.

Saa moja asubuhi Mwanakombo binti Selemani yumo ndani ya jaruba la shamba la chumvi, anakwangua chumvi kwa ubao wenye mpini mrefu na kuikusanya ukingoni. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kimepasuka, nyama iko nje. Wenzake wakichubuliwa na ganda la chaza tu, hurukia ukingoni wakimwita mama. Yeye hata hasimami.

"Binti Selemani, unatoka damu," anamwambia Hadija, jirani yake.

"Acha itoke. Ikichoka itaacha."

"Wewe una dawa. Tupe na sisi," Hadija anarudia mzaha wao wa zamani.

"Dawa yangu kazi. Wewe unaogopa chumvi kama konokono."

Wanacheka. Hata Gaudensi, msimamizi, anacheka. Ndiye aliyemhamishia jaruba la mwisho, lenye maji makali kuliko yote, ambalo wanaume wamelikimbia. "Mama huyu ana miguu ya chuma," husema. Na Mwanakombo, mjane anayelea wajukuu, alizoea kulipokea neno hilo kama nishani.

Miguu hiyo haikuwa hivi. Mwaka wa sabini na moja iliwaka moto. Mara kama amekanyaga makaa, mara kama amepakwa pilipili, mara kama siafu wanatembea ndani ya ngozi. Shuka ikigusa vidole tu, alitamani kupiga kelele. Watu walisema ametegwa, kuna kitu amekanyaga njiani. Akaoga majani, akachanjwa chale. Moto haukusikia.

Kisha, masika mawili yalipopita, ukazimika wenyewe.

Mwanakombo alifurahi mpaka akachinja kuku. Aliita majirani, akapika wali wa nazi, ikasomwa dua ya shukrani uani kwake. Walikula, wakanawa, wakampa mkono: hongera, mwenzetu, umepona. Kumbe wali ule ulikuwa wa matanga. Mguu ulikuwa unakufa, nao wanaushangilia.

Mwezi uliopita harufu ya kidole ndiyo iliyotoa siri. Hadija alimshika mkono, akampeleka zahanati. Mganga wa pale, Yohana, alimlaza kitandani, akamwambia afumbe macho na aseme kila atakapochomwa pini. Mwanakombo akafumba, akangoja.

"Anza basi, mwanangu."

"Nimekwisha maliza, mama."

Hakuyafumbua macho upesi.

Mkojo ulipopimwa ukakutwa na sukari. Yohana akamweleza taratibu: sukari ikizidi damuni miaka na miaka, huila mishipa ya fahamu, ile inayopeleka habari za maumivu. Huanza na iliyo mirefu, ndiyo maana vidole vya miguu hutangulia. Mishipa ikiumia, huwaka. Ikifa, hunyamaza.

"Kwa hiyo ule moto ulikuwa unaniita."

"Ulikuwa unakuita, mama."

Njiani Hadija akajaribu mzaha: "Kumbe wewe mtamu, ndiyo maana inzi hawakubanduki." Mwanakombo akacheka kidogo, kisha akakaa chini kando ya njia, akalia. "Nilipika wali, Hadija," akawa anasema. "Nilipika wali."

Na wenye shamba je? Wakati wa mkoloni watu walivuna chumvi miguu mitupu. Bendera ikabadilishwa, ngoma zikapigwa, shamba likawa la umma, na miguu ikabaki mitupu. Ofisi imekwisha pata meza ya kioo na feni. Buti za mpira, kila mwaka, zinaambiwa zingoje.

Hospitali alikotumwa na Yohana imemwita Jumatatu ijayo. Daktari amesema kidole hakiokoki, ila mguu utaokoka akilala wodini, akimeza vidonge, asikanyage maji ya chumvi. Akikawia, watakata chini ya goti. Naye Gaudensi amemwambia bila kumtazama usoni: "Ukiondoka, mama, nafasi ninaijaza. Si mimi. Nimeagizwa."

Ndiyo maana leo yumo jarubani.

"Nautaka mguu wangu," anasema, ubao mkononi. "Nirudi, nikae ghalani, nishone magunia. Mikono yangu bado inasikia. Lakini nikienda kulala huko, wajukuu watakula nini?"

Swali hilo halikuulizwa hewani, umeulizwa wewe. Ijumaa baada ya swala kamati ya shamba inakaa, na mlango uko wazi. Njoo mwenyewe, usitume salamu. Simama useme Binti Selemani ashikiwe nafasi ghalani, wajukuu wake wapewe posho akiwa wodini, na buti zinunuliwe kwanza, mengine baadaye. Wakikuambia litafikiriwa, usikae chini. Endelea kusimama mpaka wakujibu, maana Jumatatu inakuja na msumeno wake.