Aliyesimama Kusema Hajapona

Nilikuwa nasomea takwimu Lilongwe, nimepanga chumba mtaa wa Mtandire, na kila mwisho wa wiki narudi kambi ya wakimbizi ya Dzaleka kwa mama. Chuoni niliunganisha tafiti nyingi za dawa moja ili nipate jibu moja. Jibu lilipendeza: dawa inasaidia sana, na mipaka ya makadirio ni myembamba, yaani shaka ni ndogo. Mwalimu akauliza, "Tafiti zile zisizoona faida yoyote ziko wapi?" Hazikuchapishwa. Nilizozikuta zilikubaliana kwa sababu zenye kubisha zilibaki kabatini. Uhakika wangu ulitokana na pengo.

Mama alikuwa na uvimbe kwenye titi. Hospitali ya mjini ilitaka kumpasua. Yeye alitegemea mafuta ya maombi ya kanisani kwake.

"Kila yenga tukiwaka kanisa, bantu banashuhudia kama balipona," akasema. "Bote banasema ileile. Unataka nini tena, profesa?"

"Mama, wenye habakupona banapewaka mikro ya kusema?"

Akacheka. "Masomo ilikuharibu kichwa."

Uvimbe ukawa kidonda. Jumapili moja kanisani, saa ya ushuhuda, mama akajifunga kitenge upya, akaenda mbele.

"Mi nilipakaa mafuta, nilifunga, niliamini. Sijapona. Nilitaka mujue na ile."

Alikuwa bado anasema kinanda kilipoanza. Kwaya ikasimama, makofi yakafunika sauti yake. Alirudi kukaa karibu nami taratibu.

"Banifunga kinywa na wimbo," akaninong'oneza. "Tena ile wimbo njo napendaka."

Kesho yake bombani, mama alinisimulia baadaye, jirani akaweka ndoo chini, akamwambia polepole, "Mama, hata miye." Wengine wakafuata wiki ile, mmoja mmoja, kila mtu akiangalia nyuma kwanza. Miaka yote walikuwa wamekaa kwenye mabenchi yaleyale, wakiitika amina.

Mama akakubali kwenda hospitali. Daktari alitazama picha, akatazama mikono yake mwenyewe. Ugonjwa ulikuwa umefika kwenye mapafu.

Tulimzika Dzaleka, upepo ukirusha vumbi jekundu kwenye viatu. Mhubiri akainua mkono. "Leo mama yetu amepona kabisa," akasema, na watu wakaitika.

Hata yeye wakamhesabu upande wa waliopona. Nilisogea kwenye ukingo wa kaburi nirudie maneno yake, lile neno moja tu, sijapona. Kwaya ilikuwa imeshaanza, na wimbo ulikuwa uleule aliokuwa anaupenda.