Nimetoboa Ukuta wa Jikoni

Nawaomba sana, mkishasoma haya yabaki vifuani mwenu. Yasimfikie Ami Bakari.

Ami yuko Mombasa. Ametuachia nyumba ya bibi hapa Kismayo tuitengeneze wenyewe, kwa sharti moja: ukuta wa jikoni usiguswe mpaka aje.

Leo nimeugusa.

Nilikuwa nakwangua plasta iliyooza tu. (Mimi karani, nyundo nimeijulia wapi?) Jiwe moja likaanguka, likafuatwa na la pili, na mara nikawa natazama jikoni kwa jirani.

Bi Esha alikuwa anakuna nazi, kichwa wazi.

Akajifunika ungo.

"Mchu gani huyo?" akauliza kwa Kibajuni, yaani mtu gani.

Niligeuza uso. Huyu ndiye aliyetulindia nyumba miaka yote tuliyokuwa kambi ya wakimbizi. Akichukia, Ami tutamwambia nini?

Mama akaja mbio, mikono imejaa chokaa. Bi Esha alikuwa ameshika jiwe, analitazama.

"Amina," akasema, "hapa palikuwa na mlango. Mkweo na mamangu wakipitishiana vyungu. Mlipokimbia, baba akauziba, wasije wakapita wageni."

Akaliweka jiwe chini.

"Mwambie mwanao amalize. Ila siku nyingine abishe hodi."

Sasa pana nafasi ya kupita mtu, na mama yuko upande wa pili anakunywa chai. Ami nitamwambia vipi? Nipeni maneno.

Mkinitafuta, mlango wa mbele una chokaa mbichi. Piteni jikoni kwa Bi Esha. Bisheni hodi, kisha msubiri avae mtandio.