Taa Iliyowaka Bila Fuzi

Bantu ba hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi Malawi, wananijua: mi natengeneza betri na sola, si mtu wa kuota mchana. Kwa hiyo usiniulize kama nilikuwa nimekunywa. Nilikunywa chai tu.

Mayi Esnati, yaani Mama Esnati, mjane wa mtaa wa Kawale kule Lilongwe, alinipigia simu. Nyumba yake ilibomolewa na mvua, akawa analala ndani ya gari-nyumba, gari refu lenye kitanda, jiko na friji, alilouziwa na Mzungu mmoja aliyerudi kwao. Shida ilikuwa betri. Mchana zinajaa, asubuhi zimekwisha na friji imezima. Na mle kwenye friji njo alikuwa anaweka dawa yake ya sukari, ile ya sindano. Chupa mbili zilishaharibika.

"Bambo, na hii ikiharibika..." akaniambia kwa Kichewa; bambo kwao ni baba.

Nilifika saa sita, jua kali. Sola ya juu ya paa ilikuwa nzima, kidhibiti chake kinatoa volti kumi na nne vile inatakiwa. Niliwasha injini, nayo inachaji vizuri. Betri zenyewe hazikuwa na ugonjwa. Basi kuna kitu kinakula moto wa betri. Nikazima kila kitu, nikaweka kipimo kwenye waya wa betri: ampea mbili zinatoka. Zinaenda wapi? Nikaanza kuchomoa fuzi. Ya friji, ya pampu ya maji, ya redio, ya taa. Nilichomoa hadi ya mwisho, kipimo hakikusogea.

Wakati huo mawingu yalishafunika, mvua nyepesi ikaanza kugonga paa. Nikainua kichwa.

Kule mwisho, juu ya kitanda, kulikuwa na taa ndogo inawaka. Niamini, nilikuwa mle zaidi ya saa nzima na sikuiona. Chini yake ameketi mwanamke wa Kizungu, shuka magotini, anafuata barabara kwenye ramani kwa kidole. Sikuogopa. Nilikuwa kama mtu anayesikia mvua huku usingizi unamchukua.

"Tumefika wapi?" akauliza.

"Lilongwe."

"Bado, basi."

Sijui aliongea lugha gani. Mi nilisikia Kiswahili cha kwetu Fizi, kule Kongo, polepole, kama vile mama yangu alikuwa anaongea. Nikasogea na koleo, nikashika waya wa ile taa.

"Usikate, baba. Giza ya humu iko mingi."

We ungefanya nini? Nikamwambia, "Mama, mwenye kulala humu ni mgonjwa. Unamumalizia moto, dawa yake inaoza."

Aliondoa kidole kwenye ramani. "Sikujua," akasema.

"Nikupe betri yako peke yako?"

Akaitikia kwa kichwa.

Kwenye mfuko nilikuwa na betri ndogo ya pikipiki, ya kujaribia vifaa. Nikatoa waya wa taa kwenye betri za gari, nikaufunga kwenye hii ndogo. Taa ikatetemeka, ikatulia. Kipimo kikashuka hadi sifuri. Nilipogeuka kumwonyesha, kitanda kilikuwa kimetandikwa, hakina hata mkunjo.

Nje, chini ya kibaraza cha turubai ubavuni mwa gari, Mayi Esnati alikuwa anachambua maharage.

"Umemwona?" akaniuliza taratibu. "Yule Mzungu aliniambia mke wake alifia njiani, kwenye kitanda kile. Nilifikiri ni huzuni tu inaongea."

Sasa ni mwaka wa pili. Friji haijazima tena, na Mayi amenenepa kidogo. Ile betri ndogo haichajiwi na kitu chochote. Kila nikipita Kawale naipima, na imejaa. Elezea hiyo, kama unaweza. Mi nyumbani siwezi tena kulala gizani. Mke wangu Furaha alilalamika mwezi mzima: "Taa hii unamwachia nani?" Siku hizi haulizi, anageukia ukuta.

We unayeshika koleo kwenye nyumba ya wengine, nakuomba: ukishachomoa fuzi zote na moto bado unaenda, usikate. Uliza kwanza ni nani anautumia.