Vita vya majani ya isale ndani ya nyumba yangu, kisa binti kwenda boarding

Habari za muda huu wakuu.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe, hapa hapa Moshi. Mke wangu naye anasoma humu, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi siwezi.

Twende.

Nina binti mmoja, Oliva, yuko darasa la tano. Shule yake ni ya kutwa, iko mjini, nzuri sana. Walimu wanafundisha, uji upo, na mtoto hatoki kwenye tatu bora. Nyumbani kwetu Majengo anarudi kwa miguu.

Siku moja Mama Oliva akaniwekea mezani fomu ya boarding moja ya Sanya Juu.

Nikamuuliza, "Kwani shule imeungua?"

"Haijaungua."

"Sasa mtoto anakimbia nini?"

Akanyamaza. Nikasema hapana, na mimi nikisema hapana ni hapana. Nauza spea za baiskeli, kubembelezwa nimezoea.

Jumamosi natoka dukani, nakuta juu ya ile fomu kuna jani la isale limefungwa fundo.

Kwa wasiotoka huku: isale ni mmea tunaopanda kwenye mipaka ya kihamba, yaani shamba la ukoo. Ukimkosea mtu ukampelekea jani lake, lazima akusamehe. Hata kama ulimuibia ng'ombe. Mimi ni Mkatoliki wa kila Jumapili, lakini kwenye isale sifanyi majaribio.

Sasa mke wangu hakuwa amenikosea! Alikuwa anaombea fomu! Ni sawa na mtu kwenda kuungama ili agawiwe kiwanja.

Nikakubali.

Kesho yake baada ya misa nikapanda Kibosho kwa baba mdogo Akwilini, mdogo wake marehemu baba. Nikakata majani mawili kwenye mpaka wake bila kumwambia, nikaja kumwekea mke wangu juu ya mto: naomba unisamehe, nimebadili mawazo.

Naye ni Mchagga. Akakubali huku amenuna.

Jumanne nakuta matatu.

Wakuu, tulienda hivyo wiki mbili. Mtoto anaaga rafiki zake Jumatano, Alhamisi anawasalimia upya. Mwalimu wake wa darasa akanipigia kuuliza kama nyumbani tuna msiba.

Kuna siku niliacha majani tisa kibarazani, mbuzi wa jirani akayala yote. Mke wangu akasema ombi limeliwa, halipo tena. Mimi nikasema limepokelewa. Tulibishana saa nzima, watu wazima na akili zetu, tunamwangalia mbuzi.

Basi baba mdogo akatuita, tuje wote watatu.

Tulipofika hakutukaribisha hata mtori wa ndizi. Alitupeleka moja kwa moja mpakani. Pale palikuwa na pengo la kupita trekta. Kumbe na mke wangu alikuwa anakata pale pale! Na jirani wa baba mdogo alishaona nafasi, kapanda migomba miwili.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Aisee, mpaka wangu uko wapi?"

Nikaanza kueleza mambo ya shule. Akanikatisha.

"Isale ni ya mtu aliyekosa. Haya, nani kati yenu kamkosea mwenzake?"

Mimi naangalia migomba, mke wangu anaangalia viatu.

Oliva akasogea, akakata jani moja kati ya yale machache yaliyobaki. Baba mdogo akaguna kama kakatwa yeye. Mtoto akaja mbele yangu, kalishika kwa mikono miwili.

"Baba, naomba unisamehe. Ile fomu niliiomba mimi. Mama alikuwa ananifichia siri tu."

"Si ulisema shule yako unaipenda?"

"Naipenda. Ila baba, mimi tayari niko boarding. Kule angalau kuna likizo."

Wakuu, hapa niwe mkweli kama nilivyoanza, maana kuna kitu nimekiruka.

Mtoto akitoka shule mimi nilikuwa namfundisha vipindi vitatu sebuleni. Ratiba iko ukutani. Kubadilisha kipindi nagonga kengele ya baiskeli. Jumapili mchana kuna jaribio la hesabu, na shule zikifungwa ndiyo tunaanza vitabu vya darasa linalofuata. Akishika nafasi ya tatu, muhula mzima namwita "Namba Tatu" ili apate uchungu. Mimi niliishia la saba, nikaona namjenga.

Niliona aibu. Mke wangu alikuwa ananiangalia tu, na nikajua kwamba siku ile ya fomu alinyamaza kunistahi.

Nikalipokea lile jani. Halafu nikakata jingine, nikampa mwanangu kwa mikono miwili, nikamwambia mimi ndiye niliyekosa. Baba mdogo alilalamika kuhusu mpaka wake, lakini nilimwona anajifuta macho.

Nikamwambia Oliva achague mwenyewe, ratiba naitoa vyovyote vile. Moyoni nilijua atabaki. Akafikiria siku mbili, akachagua Sanya Juu. Niliumia sana, sifichi.

Nilichojifunza ni hiki: mimi nilikuwa napigania shule nzuri, kumbe mwanangu alikuwa hakimbii shule. Alikuwa ananikimbia mimi.

Ijumaa anarudi likizo yake ya kwanza. Mwenye kunicheka anicheke, ila mliosomesha boarding naombeni msaada, niko serious. Mtoto akirudi mnaongea naye nini? Jana nimekaa nikaandika maswali sita ya kumuuliza, ya kawaida tu, anaendeleaje, marafiki zake ni akina nani. Kuja kuyasoma, nakuta kila swali nimeliwekea alama zake pembeni.