Shemeji na Jezi ya Kipa

Mkuu wa chuo chetu, soma hii halafu nijibu hapa hapa mbele za watu.

Leo nimemsindikiza kocha wetu mpya Kariakoo kununua jezi za timu. Sifa yake ni moja tu: ni shemeji yako.

Tunaingia dukani, muuzaji nani? Kocha wetu wa zamani! Yule aliyetuletea kombe, ukamfukuza. Tangu hapo kila chuo kinatufunga.

"Shikamoo, kocha."
"Marahaba, mwanangu."

Shemeji akaagiza zote nyekundu.

"Na ya kipa?" mzee akauliza.

"Nyekundu. Kwani si timu moja?"

Jamani! Tangu lini kipa akavaa rangi ya wenzake?

Mzee hakubishana. Akashusha ya kijani, akanikabidhi mimi.

Shemeji akanigeukia: "Kumbe kipa ni wewe?"

Muhula wa pili huu ananifundisha.