Mwalimu akifa, tumtoe kwenye grupu?

Leo simu ya marehemu mume wangu imelia nikiwa katikati ya mafunzo ya mtandaoni.

Wengi mnajua alikuwa akijitolea kufundisha watoto kusoma hapa Malaba. Alipofariki nikashika nafasi yake. Simu yake bado naichaji, kwa sababu napenda kuona jina lake kwenye grupu la walimu.

Basi mkufunzi anatufunza kulinda habari za wanafunzi. Anauliza, "Mwalimu akiacha kazi, tufanye nini?"

Wote: "Tumtoe kwenye grupu!"

Hapo ndipo ile simu ilipolia. Ni ujumbe wa mama wa mwanafunzi mmoja, mchuuzi, ambaye hakuwa na habari za msiba.

"Mwalimu, nimekwama Tororo, ng'ambo ya mpaka. Mtoto atalala peke yake. Mlango wa bluu, nyuma ya lojing'i ya wageni. Mwangalie."

Jamani. Na kama ningekuwa nimeuza hii simu, ni mgeni gani angesoma kwamba mtoto yuko peke yake?

Nikawasha maiki. "Boss, na mwalimu akifa?"

Mwenzetu mmoja akajibu: "Huyo hatumtoi, mama. Itakuwa kama kumfukuza."

"Mimi ndiye mjane wake. Mtoeni. Yeyote atakayeishika simu yake atasoma habari zote za watoto."

Mkufunzi akakubali kwamba somo hilo halipo. Nikamwambia litakuwepo, tutaliandika naye wiki hii.

Mtoto yuko kwangu, anakula. Picha na jumbe za wanafunzi nimezifuta zote.

Na nyinyi, simu za wapendwa wenu zimebeba habari za nani?

Ya mume wangu nimeibakizia ujumbe mmoja tu wa sauti yake. Ananikumbusha nisisahau chumvi.